Mjusi wa jikoni akihamia kwenye kioo

*"Daktari, shikamoo. Naishi Isevya, Tabora mjini. Mwanangu wa darasa la tano amemkamata mjusi jikoni, na katika purukushani mkia ukakatika. Leo ni siku ya nne yuko kwenye ndoo ndogo ya plastiki, mfuniko tumeutoboa. Tumemwekea mchanga, wali na maji kwenye kizibo, lakini hagusi kitu. Kijana anataka amfuge, ameona kwenye simu wenzake wa nje wana mijusi kwenye vioo vyenye mchanga na taa. Fundi wa vioo ameniambia atanitengenezea tangi kama la samaki, urefu sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Majirani wanasema mjusi ana sumu, akidondokea chakula watu wanakufa, na baba yake hataki hata kumwona. Mjomba wake wa Morogoro naye anasema tuachane na huyo, atatutumia wa bluu. Huku ni Julai, usiku baridi. Nimlipe fundi au nimwachie mjusi aende zake?"*

Marahaba, mama. Fundi usimlipe bado, lakini usimkatalie pia. Tangi lake linafaa kwa marekebisho kidogo. Kwanza tumshughulikie huyu aliye kwenye ndoo, maana yeye ndiye mwenye haraka.

Mjusi kafiri mzima anaweza kukaa siku kadhaa bila kula na asidhurike, kwa sababu mafuta yake ya akiba huyaweka mkiani. Huyu wenu akiba yake ilibaki sakafuni jikoni ikirukaruka. Ameingia kwenye ndoo hana kitu, ana hofu, na juu ya hayo mwili unajiandaa kuotesha mkia mwingine. Kwa hiyo siku nne kwake ni nyingi kuliko siku nne za mjusi mwenye mkia mnene. Wala hajagoma. Wali si chakula chake, hata njaa imzidi vipi. Anawinda kwa kuona kinachotembea. Kilichotulia kwake ni sehemu ya sakafu tu.

Leo hii toeni mchanga na wali, tandikeni karatasi nyeupe au tishu chini. Mwekeeni kile kibomba cha karatasi ngumu kinachobaki tishu ya chooni ikiisha, mkisimamishe ajifiche ndani. Pulizieni maji kidogo kwenye ukuta mmoja wa ndoo, matone yabaki yameshika, kwani mijusi hawa wengi hawajui kunywa kwenye kizibo, wanalamba matone. Ukuta mmoja tu, maana vidole vyao vinavyoshika hata kwenye kioo hupoteza nguvu mahali palipolowa. Funikeni ndoo kwa kanga upande mmoja, muiweke chumba chenye utulivu, na kijana aahidi kutofungua kila baada ya dakika tano. Giza likishaingia, tieni nondo wawili wadogo au nyenje mmoja aliye hai, kisha mzime taa muondoke. Asubuhi hesabuni waliobaki.

Kidonda cha mkia msikipake spiriti, wala asali, hata kama mko kwenye mji wa asali. Mkia wa mjusi haukatiki ovyo. Ndani ya pingili za mfupa kuna sehemu maalumu zilizoumbwa ziachie, na misuli ya pale hujibana mara moja, ndiyo maana damu haionekani au ni tone moja. Kinachotakiwa ni sakafu safi. Mkia mpya utaota kwa wiki na miezi, utakuwa mfupi na mnene zaidi, na ndani yake hakutakuwa na pingili za mfupa bali gegedu, ile kama ya sikioni, laini kuliko mfupa. Msishangae ukiwa na rangi tofauti.

Sasa sumu. Mjusi kafiri hana sumu kwenye meno, mate wala ngozi. Akimuuma kijana atahisi kubanwa tu. Ila majirani zako hawakuzua kutoka hewani. Kinyesi cha mijusi mara nyingi hubeba bakteria wa salmonela, na bakteria hao hawamfanyi mjusi mwenyewe augue, wanamfanya binadamu augue. Mjusi akitembea usiku kwenye sufuria iliyoachwa wazi, na chakula kile kikalala kwenye joto, wanaokula asubuhi wanaweza kuharisha vibaya sana. Kwa hiyo chumba atakachokaa kisiwe jiko, vyombo vyake visioshwe kwenye karai la vyombo vya kula, na mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumgusa yeye au kioo chake. Kama nyumbani kuna mtoto chini ya miaka mitano, mjamzito, mzee sana au mtu ambaye kinga yake ya mwili iko chini, ningekushauri msimfuge kabisa. Kuhusu baba watoto, kama anakataa kwa sababu ya dini, hilo ni la kuzungumza naye na sheikh wake. Mimi ni daktari wa mifugo, siingii humo.

Tuje kwenye nyumba. Watu husema mjusi ana damu baridi, na wakishasema hivyo wanadhani baridi haimsumbui. Ni kinyume chake. Mwili wake hautengenezi joto la kumtosha, anaazima kutoka nje. Ukutani kwenu anajua la kufanya: jioni anabandika tumbo kwenye tofali lililochomwa na jua mchana, usiku ukizidi anaingia kwenye ufa karibu na bati, mchana anajificha nyuma ya picha. Mnamwona ametulia, kumbe siku nzima anachagua. Ukimfungia kwenye boksi lenye joto moja kila mahali umemnyang'anya uchaguzi huo, na joto lisipokuwa sawa hana pa kwenda. Chakula nacho kinahitaji joto ili kisagike. Mjusi aliyekula nyenje kisha akalala kwenye baridi kali anaweza kubaki nayo tumboni, ikaoza humo.

Kwa hiyo unachojenga ni boksi lenye sehemu ya joto na sehemu ya ubaridi, sehemu yenye unyevu na sehemu kavu, ili achague. Mijusi mnayoiona kwenye simu yenye mchanga, mara nyingi ni ile yenye madoa ya chui inayotoka sehemu kavu za Pakistani, Afganistani na majirani zao. Ile hutembea chini, ina kope, na vidole vyake havina uwezo wa kupanda kioo. Huyu wenu ni mpanda ukuta, hana kope, hujisafisha jicho kwa ulimi. Mchanga kwake ni hasara tupu: anameza punje kila anapokamata mdudu, na utumbo unaweza kuziba. Tangi la chini na pana nalo linamfaa yule wa mchanga. Huyu anataka kimo.

Ndiyo maana nasema tangi la fundi lisimamishwe. Vipimo vile vile, ila chini pawe sentimita 30 kwa 30 na kimo kiwe 60. Kwa mjusi mmoja panatosha. Mwambie kioo cha juu asikate kabisa. Juu paweke fremu ya mbao yenye wavu wa chuma wa dirishani. Wavu wa plastiki usikubali, nyenje wanautafuna na balbu inauyeyusha. Mbele pawe mlango wenye bawaba, na chini ya mlango aache ukanda wa wavu wa upana wa vidole vitatu. Hewa ya joto itatokea juu, hewa mpya itaingia chini. Tangi lililofungwa kote likabaki na matundu machache juu hujaa hewa nzito na ukungu, na mapafu ya mjusi hayastahimili ukungu. Gundi ya silikoni iwe ya kawaida ya matangi ya samaki, si ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia kuvu, na tangi likae wazi wiki nzima mpaka harufu kama ya siki iishe kabisa.

Kwenye mbao uwe mkali. Tabora mchwa hawana huruma na mafundi wengi hupaka mbao dawa au oili chafu bila hata kukuuliza. Fremu ya namna hiyo itamuua mjusi taratibu, na ninyi mtadhani ni njaa. Omba vipande vya mninga vilivyobaki kwenye karakana, havihitaji kupakwa chochote. Halafu pitisha kidole kwenye kila mwanya: penye kuingia penseli, mjusi mdogo anatoka.

Ukuta wa nyuma ndio ninaoupenda kuliko vyote, na hautakugharimu. Tafuta magome ya miti ya miombo, kama yale wanayotengenezea mizinga ya kienyeji, uyamwagie maji ya moto yanayochemka, uyaanike juani mpaka yakauke, kisha uyasimamishe nyuma yakipishana kidogo. Nyufa zile za wima ndimo atakamolala mchana, tumbo likigusa gome huku na mgongo ukigusa gome kule. Mjusi aliyebanwa pande mbili ndiye mjusi aliyetulia. Watu wakishaweka taa na matawi ya plastiki ya rangi nzuri wanashangaa mbona hatulii. Hana pa kubanwa. Ongeza vijiti viwili vitatu vya kupandia. Sakafuni karatasi, ibadilishwe kila ikichafuka, na siku zote mtaona kinyesi chake kilivyo: cheusi chenye ncha nyeupe ndicho kizuri.

Joto. Kigoma, kule ufukweni kwenye ziwa, ningekwambia usinunue taa kabisa, kwa sababu usiku hapapoi hivyo. Tabora iko juu, kama mita 1,200, na usiku wa Julai nje huweza kushuka hadi nyuzi 15 hivi. Juu ya boksi, kona moja, mchana tunataka nyuzi 28 hadi 30. Chini pawe 24 au 25. Usiku pasishuke chini ya 20. Balbu za kisasa za LED zinawaka lakini hazina joto la maana. Tafuta ile ya zamani ya waya, wati 25 au 40, ikae nje, juu ya wavu wa ile kona, isiuguse. Kamwe isiwe ndani, ataipanda aungue. Iwake mchana kwa muda wa saa kumi na mbili, usiku izimwe. Usiku wa baridi, na hata umeme ukikatika, chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo na kuegemezwa nje ya kioo upande mmoja inasaidia kwa saa kadhaa. Jiko la mkaa msilisogeze chumba hicho. Moshi usioonekana wa mkaa unaua watu, sembuse mjusi.

Kipimajoto cha homa hakitakusaidia, kwa kawaida kinaanzia nyuzi 35. Nenda duka la dawa za mifugo uulize vile wanavyotumia kulelea vifaranga, uchukue viwili, kimoja juu na kimoja chini. Siku tatu za kwanza boksi likae tupu, taa ikiwaka, mwanao aandike namba asubuhi, adhuhuri na usiku. Kama anapenda kweli, hapo utajua. Na boksi lisikae hata nusu saa juani. Kioo kinapitisha jua na kuzuia joto lisitoke. Ndani panafika zaidi ya nyuzi 40 kabla hujamaliza kuanua nguo, na hapo hakuna tiba.

Lakini ukiniuliza mjusi wa kufugwa Tabora atasumbuliwa zaidi na nini, sitasema baridi. Ni ukavu. Kuanzia Juni mpaka mvua za Novemba hewa yenu inakausha midomo ya watu wazima, na balbu inazidisha. Mjusi hujivua ngozi kila baada ya wiki chache na huila. Hewa ikiwa kavu, ngozi haitoki yote. Hubaki imezunguka vidole kama pete, inakauka, inabana, damu haipiti, kidole kinakufa. Baada ya miezi unakuwa na mjusi asiyeweza kupanda, na hakuna aliyeona ilipoanzia. Kwa hiyo pulizieni maji jioni kila siku, upande mmoja, kiasi kwamba asubuhi pawe pamekauka. Ndani ya nyufa za chini wekeni kopo dogo lililolazwa lenye kitambaa cha pamba chenye unyevunyevu, kifuliwe mara mbili kwa wiki. Kila akijivua, mwangalieni vidole vyote kwa tochi kupitia kioo. Pete ikibaki, mwekeni kwenye kikopo chenye kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kwa robo saa, kisha sukumeni ngozi taratibu kwa pamba ya masikioni. Msivute.

Chakula ni kazi ya usiku ya kijana. Chini ya taa ya baraza atapata nondo na nyenje, na mvua za kwanza zikianguka atapata kumbikumbi mpaka achoke. Mdudu asizidi upana wa kichwa cha mjusi. Wanne au watano kila baada ya siku moja wanatosha kwa mkubwa. Aliyepoteza mkia apewe kila usiku. Mende wa jikoni msimpe kama mliwahi kupulizia dawa hata miezi iliyopita, wala panzi kutoka mashamba ya tumbaku, yale yanapigwa dawa mno. Vimulimuli, nyigu na viwavi wenye manyoya waacheni. Wadudu peke yao wana kalsiamu kidogo, na mjusi asipoipata huichomoa kwenye mifupa yake mwenyewe: taya linalainika, miguu inapinda, vidole vinatetemeka. Chemsheni maganda ya mayai, yakauke, yasagwe yawe unga laini kama poda, kisha wadudu watikiswe humo mara mbili au tatu kwa wiki. Chokaa ya ukutani hapana. Vitamini za kuku nazo hapana, huwezi kupima kipimo cha mnyama mwenye uzito wa sarafu. Mwanga wa mchana kupitia dirisha lililofunguliwa unasaidia mwili kutumia hiyo kalsiamu. Ukipita kwenye kioo, ile sehemu yake inayohitajika haifiki.

Jambo dogo ambalo wengi hulisahau ni sisimizi. Mjusi aliyefungiwa hana pa kuwakimbilia, na siafu wakiingia usiku mtakuta mifupa. Simamisheni meza kwenye makopo manne yenye maji na tone la mafuta, na meza isiguse ukuta.

Huyo wa bluu, mwambie mjomba asijaribu. Mijusi wale wanaishi katika eneo dogo sana, msitu wa Kimboza na vipande vichache vya jirani chini ya milima ya Uluguru, na hawapatikani mahali pengine duniani. Biashara ya kuwafuga nje ya nchi iliwamaliza kiasi kwamba tangu 2017 wako kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, na daraja hilo linapiga marufuku kuuzwa kimataifa waliokamatwa porini. Ndani ya nchi, kumkamata na kumsafirisha bila kibali kunamweka mjomba na wewe kwenye Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Hata huyu wa jikoni, ukiamua kumfuga moja kwa moja, pita ofisi ya wanyamapori ya wilaya uulize wanavyotaka. Ni swali la dakika tano.

Sasa umfuge au umwachie? Mkubwa aliyekamatwa ukutani mara nyingi hazoei. Anajificha, anakula nusu, kila mlango ukifunguliwa anaruka. Pia huja na wageni wake: minyoo, na utitiri mwekundu unaojikusanya katikati ya vidole kama punje za pilipili. Kwa huyu, ningewapa usiku tatu na karatasi safi, joto na wadudu hai. Akila, mkae naye kwenye hiyo ndoo iliyoboreshwa mpaka kidonda kifunge, muda wa wiki mbili hivi, huku fundi akijenga bila pupa. Akikataa usiku wote mitatu, mrudisheni jioni pale pale mlipomkamata, si kwenye mti wa jirani. Anaujua ufa wa jikoni kwenu kuliko mahali popote. Kijana akibaki na hamu, boksi likishakamilika na namba za joto zikikaa sawa, achukue mjusi mdogo asiyezidi urefu wa kidole cha mwanamke, hao huzoea vizuri zaidi. Mmoja tu. Madume wawili kwenye boksi moja watapigana mpaka mmoja afe njaa kwenye kona. Na kuna njia ya tatu ambayo mimi binafsi ningeipigania kwa mtoto wa umri wake: taa ya baraza, kigoda, daftari, na mijusi yote ya ukutani ikiwinda bure mbele ya macho yake. Naelewa kwamba mtoto anayelia hataki kusikia hilo.

Mpeleke kwa daktari ukiona taya limelegea au miguu imepinda, mdomo unabaki wazi au una povu, jicho limevimba, tumbo gumu bila kinyesi kwa wiki, au kidonda cha mkia kimekuwa cheusi na kinapanda juu. Piga simu ofisi ya mifugo ya halmashauri kwanza, uulize kama yupo aliyewahi kutibu reptilia, yaani wanyama wa jamii ya mijusi na nyoka. Wengi wetu tumezoea ng'ombe, kuku na mbwa, na si aibu daktari akikuambia atawasiliana na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Mtoto naye akipata homa na kuharisha ndani ya siku chache baada ya kumshika, mpeleke hospitali na useme wazi kwamba nyumbani kuna mjusi. Ukija na mjusi, mweke kwenye kikopo chenye tishu yenye unyevu kidogo, ndani ya mfuko wa nguo, asubuhi kabla jua halijawa kali, na uje na kinyesi chake cha siku hiyo kimekunjwa kwenye karatasi.